Safari ya Kunduchi tunaiweza, ila tuambiwe mapema nguo zinazoruhusiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini, na pia na wenye bustani za michezo ya maji kule Dar es Salaam. Mimi ni fundi cherehani hapa Uyole, Mbeya, mama wa watoto watatu. Kila likizo ya Juni inapokaribia nasikia kauli ileile kibarazani kwangu, wateja wakisubiri nguo zao: kupeleka watoto wakateleze kwenye maji Dar ni mambo ya wenye magari. Mwaka jana sisi tulikwenda watu watano, kwa basi, na hatukurudi na deni la mtu.

Wazo lilianzia Nane Nane. Tulikuwa viwanja vya John Mwakangale, watoto wameshatazama ng'ombe na matrekta, wamepanda bembea mara moja moja, na kitinda mimba wangu akauliza kama ni kweli Dar kuna mlima wa maji ambao watu wanashuka kwa makalio. Baba yao hakumjibu. Usiku ule alichukua kopo la maziwa, akalitoboa juu, akaliweka kabatini. Kila Jumamosi tulitia 8,000, kwa wiki 44, ikawa 352,000. Januari, msimu wa sare za shule, nilitenga 250,000 za kushona, na mume wangu, ambaye ni fundi ujenzi, akaongeza 150,000. Jumla 752,000.

Nauli ya kwenda na kurudi ilikula zaidi ya nusu, na hapo sikuona ujanja wowote. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, na watoto wangu wameshakuwa wakubwa, kila mmoja analipiwa kiti chake. Palipobaki pa kubana ni malazi, chakula na nguo. Malazi tulipata kwa wifi yangu Tegeta, karibu kabisa na Kunduchi, iliko bustani ya maji tuliyokwenda. Tulimpelekea kilo 20 za mchele wa Kyela na ndoo ya viazi, tukakaa siku nne, tukaondoka tukiwa bado tunapendwa. Tulichagua katikati ya Juni kwa makusudi, maana Sabasaba ikikaribia nyumba za ndugu zetu wa Dar hujaa wageni wa kila mkoa.

Sasa nije kwenye nguo, ambazo ndizo hasa zimenifanya nishike kalamu.

Jirani yangu aliwahi kupeleka watoto wake kwenye bustani nyingine ya maji, si hiyo tuliyokwenda sisi. Walifika wamevaa fulana za pamba na kaptula za jinzi, wamependeza. Waliporudi aliniambia watoto walizuiwa kwenye ngazi ya kuteleza kwa sababu ya zile nguo, na hela ya chakula cha mchana ikaishia kukodi nguo za kuogelea. Hakuna aliyemwambia jambo hilo kabla. Mama yule alikuwa amekusanya hela miezi mingapi, Mhariri? Siku yenyewe moja, na watoto wakala mkate mkavu.

Kanuni yenyewe si ya uonevu. Mtu yeyote wa kazi yangu akiambiwa sababu ataielewa mara moja. Pamba hunywa maji, ikalowa ikawa nzito, ikamvuta mtoto chini. Zipu, kifungo cha chuma na riveti za jinzi hukwaruza ule mteremko wa plastiki, na mkwaruzo huo ndio utakaomchana mtoto wa nyuma. Kamba ya shingoni inaweza kunasa mahali wakati mtoto yuko kwenye mwendo. Kwa hiyo nilipiga simu mwezi mzima kabla, nikauliza mambo matatu: nguo gani, chakula kutoka nyumbani kinaruhusiwa au hapana, na mtoto awe na urefu gani kwa mteremko upi. Hilo la urefu wengi hawalijui. Niliwapima wanangu kwa tepu yangu wakiwa wameegemea mlango, nikamweleza mdogo mapema kwamba ile mirefu ataitazama tu. Alilia akiwa nyumbani, kule hakulia.

Nguo za maji niliulizia dukani mjini, nikatajiwa 25,000 kwa moja ya mtoto. Nikaenda Mwanjelwa kwenye mitumba, nikachambua jezi za michezo na suruali za mazoezi, zile za kitambaa cha kuvutika kinachokauka haraka. Nilitumia 12,000 kwa fungu zima. Kabla ya kukata nililowesha kila kipande kwenye beseni, nikakinyanyua juani. Nyeupe zilipitisha mwanga hadi upande wa pili, nikaziweka pembeni. Za buluu pia niliziweka pembeni, kwa sababu nyingine: ndani ya bwawa la buluu mtoto wa buluu haonekani. Nilibaki na rangi ya chungwa na ile njano kali inayochoma macho.

Kwa mafundi wenzangu: mshono wa kawaida hukatika kitambaa hiki kinapovutika. Cherehani yangu ya kukanyaga haina zigizagi, hivyo nilishona mishono miwili sambamba huku nikikivuta kitambaa kidogo kwa mikono yote miwili, kwa uzi wa polista na sindano yenye ncha butu isiyotoboa nyuzi. Sehemu za kwapa na katikati ya miguu nilimpelekea mwenzangu mwenye mashine ya zigizagi, akanifanyia kwa kubadilishana na mikono ya gauni lake. Nami sikujisahau. Mwanamke wa kwetu hawezi kusimama mbele ya wifi yake na shemeji zake akiwa amevaa kile kinachouzwa madukani, na kwa ajili hiyo akina mama wengi hukaa kwenye kiti siku nzima wakilinda viatu. Nilijishonea suruali inayobana hadi kifundoni na blauzi ndefu ya mikono mirefu, ya kitambaa kilekile, iliyokaa mwilini bila kupepea. Niliingia majini na wanangu.

Za safari nilishona za kitenge, vitenge viwili vya yadi sita sita. Gauni langu lilikula yadi tatu, la binti mbili, shati la baba yao mbili na nusu, za wavulana mbili na nusu kwa pamoja. Yadi mbili zilizobaki zikawa kofia tatu na mfuko wa kubebea nguo mbichi. Vitenge hivyo nilivifua kwanza kabla ya kukata, vipungue vikiwa bado vitambaa. Ndani ya upindo wa kila nguo ya mtoto, ya nchi kavu na ya maji, nilidarizi namba ya simu ya baba yao. Vitenge, mitumba, lastiki na nyuzi, vyote pamoja vilinigharimu 58,000.

Basi liliondoka saa 12 asubuhi. Lipo basi la usiku pia, lakini mchana una faida yake: barabara kuu inakatisha ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na watoto waliona twiga, swala na tembo watatu kupitia dirishani bila kulipia kiingilio. Kuanzia Makambako hadi Mafinga walikuwa wamejifunika masweta, kwenye miteremko ya Kitonga mmoja alitapika, na tulipofika Mikumi vitenge vikaonekana. Viazi vya kuchemsha, mayai na karanga vilitufikisha hadi stendi ya Magufuli.

Siku ya bustani sitaieleza yote. Nitaeleza dakika chache tu za saa 9 alasiri, watu wamejaa, nilipogeuka nikamkosa kitinda mimba. Sauti iliniishia. Nilimkimbilia kijana mwangalizi wa bwawa, nikamwambia mtoto wangu, mtoto wangu, na sikuweza kuendelea. Akaniuliza, "Mama, amevaa nini?" Nikaonyesha nguo yangu mwenyewe. Akatupa jicho upande wa pili wa bwawa, akanyoosha kidole: kule, mwenye rangi ya chungwa kama wewe. Alikuwa anasubiri zamu yake kwenye foleni ya mteremko mdogo, hajui kama alipotea.

Ndiyo maana nawaomba wenye bustani hizi jambo moja. Mnapotangaza redioni na kwenye mabango kwamba likizo imefika, tajeni kwa Kiswahili, pamoja na kiingilio, nguo inayoruhusiwa na isiyoruhusiwa, urefu wa mtoto kwa kila mteremko na kanuni ya chakula. Sekunde 20 za tangazo zinatosha. Mzazi wa Tegeta akikosea anarudi nyumbani kubadilisha. Wa Uyole, wa Njombe au wa Mafinga amesafiri siku nzima na hana pa kurudi. Nanyi walimu na viongozi wa kwaya mnaopanga safari za watoto, ulizeni kanuni hizo kabla hamjawaagiza wazazi kununua fulana za sare, kwa sababu nyingi nilizoletewa hapa niandike majina ni za pamba.

Binti yangu ameanza kukata ya mwaka huu mwenyewe. Kaka yake amerefuka, ile ya chungwa haimtoshi tena.

Mama wa watoto watatu,
Uyole, Mbeya.