Kiangazi cha kusindikiza watu

Shosti wangu,

Kwanza pole kwa kimya. Umeniandikia mara nne tangu mwezi wa sita na mimi nakujibu kwa vikatuni tu, leo nimesema nikae niandike vizuri kama enzi zile za bweni. Sai ni usiku wa tarehe 20 mwezi wa nane, feni inazunguka, nje nyenze hawanyamazi, na joto la huku Niigata, Japani, ni lile lile la Mombasa kasoro upepo. Yaani unakaa tu unatiririka, hakuna hata kale kaupepo ka bahari ka jioni.

Asante kwa ile video ya mazishi ya nyanya. Sikukwambia chochote ulipoituma manake sikuweza. Nimeitizama usiku, nimeitizama kwa treni, ile sehemu unachota mchanga mara ya pili unasema huu ni wa yule alie Japani, hapo ndo huwa naizima. Unajua kilichotokea, kampuni iliyoniajiri ikasema ruhusa ya msiba ni ya mzazi na mume tu, nyanya hayumo. Nyanya aliyenilea! Na tiketi ingetafuna mishahara miwili. Kwahivyo we ndo ulienda Kaloleni ukanisindikizia nyanya yangu, na mi hilo deni sina pa kulilipia shosti, nalibeba tu.

Sasa cha ajabu, tangu hapo kazi yangu imekua ni kusindikiza watu. Kiangazi chote hiki.

Huku muhula wa kwanza unafungwa karibu na tarehe 20 mwezi wa saba. Shule nzima inaingia ukumbini, wanavua viatu wanakaa chini mistari imenyooka, joto hilo, na hakuna mtoto anaejipepea. Walimu wa Kiingereza wa ile programu ya JET, serikali ndo inawaleta toka nchi nyingi, mwisho wao ni miaka 5, na wengi huondoka wakati huu huu. Yule rafiki yangu Mjamaika niliekua nakuhadithia, mwenye sauti kubwa, tuliekua tunagawana naye kufundisha ile shule ndogo ya msingi karibu na mto, mitano yake iliisha. Alisimama jukwaani akahutubia kwa Kijapani dakika nzima bila karatasi. Watoto wakampa shikishi, hicho ni kibao cha karatasi ngumu cha mraba ambacho darasa zima linaandika ujumbe mmoja mmoja mpaka kinajaa duara. Akaja kunionyesha akicheka, kuna mtoto kaandika "kwaheri" kwa herufi zao, ku-wa-he-ri. Hilo neno niliwafundisha mimi mwaka jana siku moja mvua ilipotufungia darasani. Yule mtoto aliona kwa mwalimu anaeenda mbali sayonara haitoshi, akaazima la kwetu. Nilishika hicho kibao mpaka nikaambiwa nikirudishe.

Baada ya hapo ni sherehe juu ya sherehe. Ya walimu, ya mtaa, ya wale akina mama wa darasa la jioni, kila moja ina chakula na hotuba na ikiisha kuna ya pili, karaoke mpaka treni ya mwisho. Edamame, zile soya changa za kuchemshwa na maganda yake, nimekula mpaka basi, watu wa mkoa huu kwa edamame hawana mchezo, sinia linakuja limefurika na kabla hujakaa sawa limeisha.

Lakini safari nnayotaka kukwambia ni ya Sado. Ni kisiwa, unapanda feri pale bandari ya Niigata masaa mawili na nusu. Tulienda watatu, mimi na Mjamaika na mwalimu mmoja wa sayansi mtaratibu sana, anapenda ndege kuliko watu. Shosti mi nilivyosikia ile feri inanguruma nikawa niko Likoni kabisa, ile harufu ya mafuta na chumvi, tofauti tu huku watu wamekaa kwa mazulia wamevua viatu wanalala na hakuna anaesukumana. Shakwe wanaifuata feri nyuma, abiria wanawarushia vibisi vya kamba, wale wa baharini, vinanunuliwa humo humo, ndege anadaka hewani.

Kule Sado kuna ndege wanamwita toki, mweupe lakini akifungua mbawa chini ni rangi ya waridi kama pichi. Mwalimu wa sayansi alitueleza kwa utaratibu wake, kwamba walikua wengi zamani, wakawindwa, dawa za mashambani zikawamaliza, na yule wa mwisho aliezaliwa Japani alikufa mwaka 2003 hapo hapo kisiwani. Uchina ilikua imewapa jozi mwaka 1999, wakazalisha, na 2008 wakaanza kuwaachia porini. Wakulima wa mpunga wakapunguza dawa kwa ajili yao. Tulikaa ndani ya gari kando ya mashamba, huruhusiwi kuwasogelea, nusu saa kimya, halafu wakatua watatu kwa matope wakaanza kudonoa. Mwalimu alitoa miwani akaifuta. Mjamaika ambae hanyamazi hata akiwa amelala, hakusema kitu.

Jioni tukakaa ufukweni upande wa magharibi. Unajua sie jua linatoka baharini, tulikua tunaamka kwenda kuliona Shelly Beach, huku linazama baharini. Miaka miwili nipo hapa na bado naona kama linarudi nyumbani kwa mlango mwengine.

Tarehe 1 mwezi wa nane tukaenda Nagaoka usiku. Watu wanajua fataki za tarehe 2 na 3, zile kubwa, watu wanajaa kando ya mto Shinano mpaka viti vya kulipia unaviombea bahati nasibu. Lakini tarehe 1 saa nne na nusu usiku wanarusha chache tu, nyeupe tupu, na kengele za hekalu zinalia. Ni saa ile ile ndege za Marekani zilianza kuuchoma mji mwaka 1945, tarehe hiyo hiyo, wakafa watu 1,488. Zimerushwa, zimefifia, watu wameinamisha kichwa, wamerudi majumbani. Hakuna alieshangilia. Kesho yake ndo tukaziona zenyewe, kuna moja inaitwa Phoenix, ilianza baada ya tetemeko la ardhi la 2004, inafyatuliwa kwa urefu wa kama kilomita mbili kando ya mto na huwezi kuiona yote bila kugeuza shingo. Watu wazima wanalia wazi wazi. Mi nlilia pia, na Mjamaika kanishika mkono mpaka ikaisha.

Tarehe 5 akaondoka. Sasa nikwambie, huku stesheni kuna tiketi ya kusindikiza. Kweli kabisa! Kama yeni 150, unaingia nayo mpaka pale treni inaposimama lakini husafiri, ni ya kumsindikiza mtu tu. Tulikua kama ishirini, wasichana wa timu ya voliboli na jezi zao, mwalimu mkuu, na mama wa duka la mkate na mfuko wa mikate. Treni ikafunga mlango, tukapunga, ikaenda, na hakuna alieondoka. Wamesimama mpaka ile nukta ya nyuma ikapotea kabisa ndo wakageuka. Nikamkumbuka nyanya na wageni wake, anakwambia nakusindikiza hapo mlangoni, hapo mlangoni inakua mpaka mwembe, mwembeni hadithi inaanza upya, mnafika barabarani matatu tatu zimepita. Wajapani hawaongei mengi njiani kama sie. Lakini hawageuki kabla yako, na hilo nyanya angelipenda.

Halafu ikaja Obon, tarehe 13 mpaka 16, siku ambazo marehemu wanarudi kutembelea nyumba zao. Shule zimefungwa, kila mtu kwao, mtaa kimya. Bibi jirani yangu, ana miaka themanini na kitu, akanigongea mlango akaniambia njoo usikae peke yako. Yeye kwao asili ni karibu na Tokyo, na kule wanatengeneza farasi wa tango na ng'ombe wa biringanya, wanawachomekea miguu ya vijiti. Farasi ni wa kumleta marehemu haraka. Ng'ombe ni wa kumrudisha pole pole, na abebe zawadi.

Tukachonga wote pale jikoni. Ameweka picha ya mumewe, matunda, wali. Akaniuliza, kwenu mnafanyaje? Nikamwambia babu alikua akimwaga mnazi kidogo chini kwa koma, wazee waliotangulia, kabla hajanywa yeye, na kanisani tukaambiwa tuache, na babu hakuacha. Akatikisa kichwa tu. Halafu akauliza, bibi yako alikua anapenda nini? Kwahivyo nlikua nimemtajia wakati fulani na yeye akaweka moyoni! Nikarudi kwangu nikapika chai ya maziwa na tangawizi, sukari vijiko vitatu vile vya kugombezwa na daktari, nikaileta kwa kikombe, akakiweka pale pale pembeni ya mumewe.

Tarehe 16 jioni akawasha moto mdogo mlangoni kwa kigae cha udongo, vijiti vikavu tu. Unaitwa okuribi. Nikamuuliza maana yake, akaniambia ni moto wa kusindikiza. Shosti, alivyosema hivyo miguu iliisha nguvu, nikachuchumaa pale pale barabarani nikasema jina la nyanya kwa sauti, mara ya kwanza tangu afe. Bibi nae akachuchumaa kando yangu na magoti yake yale, moshi ukiingia machoni, tukakaa mpaka ukazima wenyewe.

Najua wengine huko watasema mambo gani haya, mwambie tu mamangu polepole, au usimwambie, nitaongea nae mimi.

Tiketi nimepata, nafika tarehe 21 Desemba. Bibi kanipa paketi ya ubani wao nimpelekee nyanya, nimeifunga kwa ile leso uliyonipa eyapoti. Sitaki kwenda Kaloleni peke yangu, twende mimi na wewe, asubuhi kabla ya jua, na tubebe thamosi ya chai.

Niandikie. Na ile minazi miwili ya pembeni mwa kaburi imeshika au imekauka? Hujaniambia.

Wako wa siku zote