Mwiko wa Nyanya haujarudi

Bondeni, Nakuru
Jumapili jioni

Kwako mwandani wangu,

Salamu kwanza, maana Nyanya angejua nimeanza barua bila kusalimu angenivuta sikio hata huko aliko. Sisi tu wazima. Mvua imeanza, na geti la ploti bado linalia vile vile.

Habari ulizipata kwa simu, lakini simu haisemi kitu. Tulimzika Jumamosi iliyopita kwao Vihiga, karibu na lile jiwe kubwa alilosema aliliteleza utotoni mpaka rinda likatoboka. Na sisi tulidhani ni hadithi tu! Jiwe lipo. Nimeligusa.

Historia yake ilisomwa na mjomba kwenye ile karatasi ya rangi: alizaliwa 1943, akasoma hadi darasa la nne, akaolewa na mtu wa reli, akajaliwa watoto saba, "alikuwa mpenda maendeleo." Mwenzangu, ni marehemu yupi umewahi kusikia hakupenda maendeleo? Nimekaa pale chini ya turubai nikijiambia, mbona sufuria haitajwi?

Unaikumbuka. Ile ya mchele wa kilo ishirini, yenye tone la rangi nyekundu ya kucha chini ya mkono ili isije ikabadilishwa, na ubavu uliobonyea. Watu waliiazima bila kutoa hata shilingi: matanga, harusi, ubatizo, Iddi. Masharti yalikuwa mawili. Irudi imesuguliwa kwa majivu mpaka ing'ae, na isipikiwe nguruwe hata siku moja. Yeye mwenyewe alikuwa wa Kanisa la Friends, lile lililofika Kaimosi 1902, na nguruwe hakuwa na ugomvi naye. Lakini majirani zetu wengi ni Waislamu, naye alikuwa akisema, "Mtu akiiazima siku ya Iddi, akoroge bila wasiwasi." Krismasi ile mjomba alipochinja nguruwe wake, alipewa karai akapike nalo nyuma ya choo.

Na lile pipa la mvua? Sisi tuliona ni ukali tu, kutukataza kunywa ya mfereji. Siku hizi najua maji ya visima vya huku yana floraidi nyingi, inatoka kwenye miamba ya volkano, na mtoto akiyanywa wakati meno yanajiunda, yanaota na madoa ya kahawia. Nyanya hakulijua hilo neno. Alikuwa ameangalia vinywa vya watoto wa Nakuru miaka mingi, akalinganisha na vya watoto wa kwao, basi. Kila mama aliyejifungua kwenye ploti alipewa mtungi mmoja kwa siku mpaka kiangazi kimalize pipa. Ukicheka kwenye kioo leo, mshukuru.

Kuhusu fujo za baada ya uchaguzi, Januari 2008, sitaandika mengi, ulikuwapo. Lakini usiku ule vijana walipogonga geti wakiuliza nani anaishi humu, wewe ulikuwa chini ya kitanda, hukumwona. Mimi nilichungulia. Alisimama na leso yake, ufunguo ameufunga kifundo kiunoni, akawajibu, "Wajukuu wangu." Wakauliza, wote? "Wote. Kwani nyinyi hamna nyanya?" Mmoja wao akaangalia chini. Wakaenda. Palipokucha akapakia sufuria kwenye mkokoteni, akapeleka uji Shoguraundi, ule uwanja wa maonyesho walikokuwa wamekimbilia watu, na siku ya tatu, akiwahi nyumbani kabla ya kafyu, ikaanguka barabarani. Ndiko ilikobonyea. Fundi alitaka kuinyoosha, akamkatalia. Alisema itavuja.

Sasa nikuambie lililoniliza, maana kwenye jeneza sikulia. Usiku wa pili wa matanga watu walijaa mpaka barabarani, tukasema tutoe sufuria tupike. Hatuioni. Tukatafuta jikoni, stoo, chini ya kitanda chake. Kumbe siku mbili kabla hajafa alikuwa ameiazimisha kwa matanga mengine, kule Kivumbini! Shangazi akapiga simu kwa aibu, unamwombaje mfiwa mwenzako sufuria? Yule mama hakusema kitu, alikata simu. Tukajua tumemuudhi. Haikupita saa moja geti likalia. Vijana wanne wameibeba kwa miti miwili, imejaa wali mpaka juu, moto, na mama mwenyewe nyuma yao na kanga ya kilio kichwani. Akasema kwa maombolezo yao watapikia karai. Nilienda nyuma ya pipa nikalia huko, peke yangu.

Safari yenyewe ilikuwa ndefu, Kericho, Kisumu, Kiboswa, Majengo, sufuria juu ya basi ikigongagonga kila tuta. Mhubiri alihubiri sana. Tukanyeshewa.

Juzi tumegawana vitu. Hapakuwa na kelele, vitu vyenyewe ni vichache. Mimi nimeachiwa sufuria pamoja na daftari lake, lile la jalada la bluu. Si deni la pesa hata moja. Ni nani kachukua nini, kwa penseli, na mstari juu yake kikirudi. Nimelisoma kurasa zote. Kuna majina ya watu waliohama zamani, wengine wamekufa, na yote yamepigwa mstari.

Isipokuwa moja. 2003, mwezi wa nane, alipobatizwa mdogo wako: "Mama yake rafiki ya mjukuu, mwiko mkubwa."

Sufuria iko mtaa wa Flamingo tangu jana, kuna harusi, na wanakorogea fimbo ya mwavuli kwa jinsi nilivyosikia. Muulize mamako taratibu, asione kama tunamdai. Halafu Desemba ukija, njoo nao.

Ni mimi,
wa mlango wa tatu