Tusimhukumu mgombea kwa makosa ya kamera

Mhariri,

Kampeni zikianza, gumzo la Mwanjelwa na Uyole, hapa Mbeya, huhamia kwenye sura za wagombea: huyu kachoka, yule ana hasira, mwingine mgonjwa. Mengi kati ya hayo ni kazi ya kamera, na ya runinga iliyoko sebuleni.

Marekani waliliona hili tarehe 26 Septemba 1960, wagombea urais John F. Kennedy na Richard Nixon walipofanya mdahalo wa runinga katika studio ya Chicago. Nixon alikuwa ametoka kulazwa kwa maambukizi ya goti na amekonda. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, hivyo suti yake ya kijivu ikamezwa na ukuta wa kijivu. Kennedy alivaa suti iliyokolea, akajitenga na ukuta. (Dai kwamba wasikilizaji wa redio walimpa Nixon ushindi hurudiwa mno, lakini ushahidi wake ni haba.)

Huku kwetu tatizo kubwa ni anga. Mkutano ni mchana, mgombea yuko kivulini jukwaani, nyuma yake mawingu meupe. Kamera ikiachwa kwenye oto, yaani ijipangie mwanga yenyewe, hupima picha nzima, hudhani mwanga umezidi, hufunga tundu la lenzi, na uso wa mtu mweusi unazama gizani. Macho hayaonekani, na mtazamaji humwona mtu asiyeaminika. Mpiga picha avute lenzi mpaka uso ujae kwenye kioo cha kamera, apime mwanga hapo, azime oto, ndipo arudishe picha pana. Anga litaungua liwe jeupe tupu, liungue. Nafuu zaidi ni kusogea pembeni ili nyuma ya mgombea kuwe na watu au miti.

Turubai nalo lina madhara. La kijani au la njano hutupa rangi yake usoni, na mzima wa afya anaonekana ana homa ya manjano. Litumike jeupe, na nyeupe ya kamera, yaani rangi ambayo kamera huihesabu kuwa nyeupe, ipangwe upya kwa kuilenga karatasi nyeupe kila wingu linapofunika jua, jambo la kila saa Mbeya.

Nyumbani, tazama kwanza mpira wa miguu. Ukionekana kama yai, king'amuzi na runinga havijapatana: picha ya 4:3 (upana sehemu nne kwa kimo sehemu tatu) ikitandazwa kwenye kioo kipana cha 16:9, uso hupanuka kwa theluthi moja. Rekebisha ukubwa wa picha kwa rimoti. Kisha punguza ule ukali wa picha uliowekwa kuvutia wateja dukani, maana huchonga kila kunyanzi na kumzeesha mtu.

Ninaviomba vituo vya Mbeya na Iringa, kwenye midahalo, viweke kamera zote usawa wa macho. Kamera ya chini humkuza mgombea, ya juu humdidimiza. Lenzi iwe moja kwa wote, na muda wa kuonyesha uso kwa karibu ugawanywe sawasawa.

Fundi wa picha za video,
Mbeya