Shosti, ndiyo, ni watoto wa kansa na damu

Shosti wangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Ya kwanza nilikuwa nimetoka zamu ya usiku nikacheka tu nikalala, ya pili nikaona hapana, hii haijibiwi kwa emoji. Eti nimerogwa? Wenzangu wanakimbilia moyo na mifupa, mi nimechagua kubobea kansa na magonjwa ya damu ya watoto, nikajifungie na watoto wenye kansa, kila siku vilio koridoni. We si wa kwanza bana, mpaka mama kaniuliza nitakuwa nalalaje usiku. Sasa naandika maana kwenye simu utanikatisha kila dakika nawe najua ulivyo.

Kwanza hiyo habari ya moyo wa chuma ifute, sina. Na mnaonisifia "una huruma sana wewe" mnaniudhi kidogo kusema ukweli, huruma kila mtu anayo na ikifika saa tisa usiku inaisha kama chaji. Kilichonivuta mimi kinaanza na aibu.

Unakumbuka tulivyokuwa intern nikakusimulia kijana wa sikoseli, kitanda cha mwisho dirishani? Sikukusimulia yote. Alikuwa na miaka kumi na moja hivi, kaja na maumivu ya miguu na kiuno, nikamwandikia panado na dripu nikaendelea na wengine. Kila nikipita namkuta anacheza gemu kwenye simu ya mama yake, vidole vinakimbia, jicho kavu, kimya. Mama yake kanifuata mara tatu, dokta mtoto anaumwa. Mi moyoni nasema anaumwa wapi huyu, mtu mwenye maumivu makali anapata wapi hamu ya gemu? Nikaandika kwenye faili "mgonjwa anaonekana hana maumivu", kwa mkono wangu huu na sahihi chini. Usiku nikaenda kumbadilishia kanula, kile kimrija cha dripu mkononi, nikamtania, we si umeshapona, mbona gemu linaenda vizuri. Hakuinua hata macho. Akasema, "Dokta nikiacha kucheza nitalia, na mama akiniona nalia na yeye atalia."

Shoga, nilibaki nimeshika kanula sijui niiweke wapi. Nikampigia bosi, tukaanza mofini, ile dawa kali ya maumivu, dozi kwa kilo, kwa saa zake siyo mpaka aombe. Baada ya muda simu ikamdondokea kifuani, kalala mdomo wazi, gemu bado linapiga kelele na mama yake anahangaika kulizima asije akaamka.

Ndo nikaanza kusoma sikoseli kama mtu aliyekuwa hajaisoma. Na nilikuwa nimeisoma, mtihani nilipata vizuri tu! Herufi moja kwenye DNA imebadilika, basi, seli nyekundu ambayo kwa kawaida inaishi siku kama 120 inaishi siku 10 mpaka 20, inajipinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo na mfupa unakosa damu. Mkemia Linus Pauling na wenzake walionyesha tangu 1949 kwamba kasoro iko kwenye hemoglobini yenyewe, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, yani sisi tunajua mpaka molekuli iliyoharibika halafu hatujui kama mtoto aliye mbele yetu anaumwa.

Umeuliza pia kwanini kansa na magonjwa ya damu ni fani moja, si zingetenganishwa. Kwasababu kiwanda ni kimoja, uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Na hata dawa zinaazimana: haidroksiyurea tunayowapa wa sikoseli ilianza kama dawa ya kansa, na utafiti uliotoka 2019 uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulionyesha watoto wanaoitumia wanapata maumivu machache, malaria inapungua, wanaongezewa damu mara chache, na vifo vinapungua. Ni kidonge tu jamani, cha kumeza kila siku.

Upande wa kansa wenyewe nilinaswa na hadubini. Bosi yule yule aliniita siku moja, njoo uone. Slaidi ya uloto wa binti wa miaka minne, aliletwa kwa michubuko isiyo na sababu na uchovu, hataki kubebwa maana mifupa inamuuma. Nikatazama, seli za zambarau tupu, duara, zinafanana zote kama wanafunzi kwenye gwaride, hakuna nyingine iliyopata nafasi. Lukemia, kansa ya damu. Baada ya wiki nne hivi za dawa tukachukua uloto tena akaniita tena. Shosti, fujo! Kubwa, ndogo, nyekundu changa, nyeupe za kila umri, zimechanganyikana kama abiria stendi. Nikadhani mambo yameharibika. Bosi kacheka, akaniambia uloto mzima ndo unavyokuwa, ukiona zimejipanga vizuri ujue kuna shida.

Na hapo hajapona, elewa, bado ana safari ya miaka miwili na kitu ya dawa, na mama yake ashajifunza kwamba homa haisubiri asubuhi, anakuja saa hiyo hiyo maana kinga iko chini na antibayotiki zinatakiwa ziingie ndani ya saa moja. Ila zamani hata hiyo safari haikuwepo. Sidney Farber kule Boston, daktari wa maabara ya maiti huyo, siyo wa wodini, mwaka 1948 aliandika kuhusu watoto 16 wa lukemia aliowapa dawa iitwayo aminopterini, 10 wakapata nafuu. Nafuu ya muda tu, ugonjwa ulirudi. Nawafikiria sana wale wazazi, miezi michache mtoto anakula na kukimbia tena halafu basi. Leo kwenye nchi zenye uwezo watoto wenye kansa zaidi ya 80 kwa mia wanapona, na kwenye nyingi zisizo na uwezo hawafiki hata 30, ugonjwa ule ule! Wanachelewa kugundulika, dawa zinakata katikati, au wazazi wanashindwa wanaondoka na mtoto. WHO, Shirika la Afya Duniani, walijiwekea lengo 2018 kwamba ifikapo 2030 wapone angalau 60 kwa mia duniani kote. Tuone.

Naogopa, usidhani siogopi. Vinkristini, dawa ya kansa, naiogopa, inatoka kwenye ua la Madagaska la kupendeza kabisa la kupamba bustani, na ni dawa nzuri, ila ni ya kwenye mshipa tu, ikikosewa ikapigwa kwenye uti wa mgongo inaua. Siku ya sindano za mgongo huwa sitaki hata iletwe chumba hicho. Na watakufa baadhi, najua, wiki iliyopita tumempoteza mmoja na sitaki kumwandika hapa.

Lakini hawa watoto unakaa nao miaka. Huko kwingine nawaona siku tatu naandika ruhusa, sijui hata anapenda nini. Mi nataka kazi ambayo namjua mtoto kiasi kwamba nikimkuta anacheza gemu najua leo anacheza kwa raha au anajizuia asilie. Masta ya watoto kwanza halafu ubobezi miaka miwili mitatu juu yake, utakuwa umeshajenga na kuhamia, mi bado nabeba daftari. Sawa tu.

Sasa nisaidie kitu. Kwenye fomu kuna sehemu wanauliza kwanini umechagua fani hii, mistari kumi tu. Nimeweka Farber, nimeweka hiyo 80 na 30, inasomeka vizuri, kama ya mtu mwingine. Yule kijana sijamweka. Nikimweka inabidi niandike na nilichoandika kwenye lile faili, na wanaosoma hizo fomu ni maprofesa. Nakutumia zote mbili, yenye kijana na isiyo naye, uniambie ipi. Mwisho ni Ijumaa saa kumi kwahiyo usinijibu Jumapili kama kawaida yako.

Wako,
mrogwa