Kijana Unayemzungumzia Ni Nani?

Mpendwa Neema,

Natumai u mzima. Nasi huku Morogoro hatujambo. Pendekezo lako la utafiti kuhusu fasihi ya vijana nimelisoma mara mbili, na kabla msimamizi wako hajalitia kalamu nyekundu, niruhusu nitangulie kukusumbua: kijana unayemzungumzia ni nani?

Kwa Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007, kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35, kwa hiyo binti wa kidato cha pili na baba wa watoto watatu anayefuatilia mkopo halmashauri wote wamo. Nadharia uliyoichukua, hata hivyo, imetoka Marekani, ambako chama cha maktaba kiliunda kitengo cha vijana mwaka 1957, na kitengo hicho leo huwahesabu wenye miaka 12 hadi 18. Hata huko mpaka haukukaa: uchunguzi wa soko wa kampuni ya Bowker wa mwaka 2012 ulionesha kwamba asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vya vijana walikuwa na miaka 18 au zaidi. Usipokata umri, kila sura yako itazungumzia watu wengine. Mimi ningerudi kwenye maneno yetu, kigori, mwali na barubaru, yaliyotenga marika kwa uangalifu kuliko sera.

Kuhusu Rosa Mistika nina neno zaidi. Umechambua dhamira na wahusika wa riwaya hiyo ya Kezilahabi kwa kurasa kumi na mbili, bila sauti ya msomaji hata mmoja wa miaka kumi na sita. Ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha ikaja kufundishwa. Watu wazima wameshaiamulia mara mbili, nawe sasa wataka kuiamulia mara ya tatu.

Nilipokuwa nikishika zamu katika maktaba ya shule, nakala yetu ilikuwa imevalishwa karatasi ya kaki. Kadi ya kuazima ilikuwa na majina manne tu kwa mwaka mzima, lakini kurasa za katikati zilikuwa zimekolea weusi wa vidole, kwa maana aliyekiazima mmoja alikisomea bweni zima. Pembeni, pale Zakaria anapompiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, mtu alikuwa ameandika kwa penseli: “Na baba je?” Mwanafunzi huyo ndiye ningependa umtafute.

Kwa kuwa wengi wa utakaowahoji watakuwa chini ya miaka 18, anza mapema kuomba idhini ya wazazi na ya mkuu wa shule. Tafadhali usiwahoji mbele ya mwalimu wao wa Kiswahili, maana watakupa majibu ya mtihani.

Nakala ile ilipoondolewa rafuni niliiomba, na ninayo. Nitakuletea nikija Dar es Salaam mwezi ujao.

Rafiki yako akupendaye,
Mwanaidi