Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Fremu, Makazi na Ombi la Kubadili Matumizi ya Kiwanja

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu ilikutana mara tisa, na katika vikao saba ajenda iliyokula muda kuliko zote ilikuwa ombi la jirani yetu wa kona la kubadili matumizi ya kiwanja chake, kutoka makazi kuwa makazi na biashara. Habari za ulinzi shirikishi na uzoaji taka mtazipata kwa katibu. Mimi nitabaki kwenye jambo hili.

Sinza yetu, hapa Dar es Salaam, ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, sambamba na Kijitonyama na Mikocheni, ili mwananchi wa kipato cha chini apate kiwanja chenye barabara na maji, kisha ajijengee mwenyewe. Barabara za ndani, mifereji na mashimo ya maji taka vilikadiriwa kwa familia, si kwa wateja. Ambacho hakikuandikwa kwenye ramani ni kwamba mtu akistaafu, ukuta wake wa mbele ndio pensheni yake: anaubomoa, anajenga fremu tatu au nne, yaani vyumba vya biashara vya kupangisha, anaishi kwa kodi. Sitajificha nyuma ya cheo. Nami ninayo fremu moja, ya fundi cherehani, niliyoijenga mwaka 2009 bila kumwuliza mtu, na hati yangu hadi leo inasema makazi.

Wengi wetu hudhani kwamba leseni ya biashara, au barua ya mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, inatosha. Haitoshi. Chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, kibali cha kubadili matumizi hutolewa kupitia mamlaka ya upangaji, ambayo kwetu ni halmashauri ya manispaa. Kibali kikipatikana, masharti ya hati nayo hurekebishwa, na kodi ya pango la ardhi huhesabiwa kwa kiwango cha biashara. Jirani yetu, tofauti na mimi, aliifuata njia hiyo, na kwa hilo anastahili heshima.

Hata hivyo tangazo la ombi lake lilikuwa karatasi ndani ya nailoni, imefungwa kwa waya kwenye nguzo ya geti, na mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuingia ndani yake, kiasi kwamba kilichosomeka ni namba ya kiwanja tu. Aliyeliona ni mtoto wa shule, akamweleza mama yake, nasi tukapata habari siku nne kabla ya muda wa pingamizi kwisha.

Tulikwenda kuona fremu za jirani huyo. Duka la Mangi, saluni na duka la dawa hazikumsumbua mtu. Fremu ya nne ni ya fundi wa kuchomelea mageti, nayo imepakana na chumba cha kulala cha bibi wa nyumba ya pili, ambaye alituketisha humo saa mbili asubuhi. Grinda ilipoanza, maji yalitetemeka kwenye glasi juu ya meza, tukanyamaza mpaka nayo iliponyamaza.

Kwa hiyo hatukulipinga ombi lote. Tuliandika kuomba masharti: uchomeleaji uondolewe, biashara zifungwe saa tatu usiku, shimo la maji taka lipanuliwe, na magari ya wateja yaegeshwe ndani ya kiwanja. Wapo wanachama waliosema tumekuwa laini, na wapo waliosema tunaingilia riziki ya mtu. Maoni yangu ni kwamba kiwanja kimoja kinabebeka, bali kibali hubaki kwenye kiwanja wakati wapangaji wanapita, na bila masharti ya maandishi, leo akiondoka msusi, kesho anaweza kuingia mwenye baa.

Hadi naandika taarifa hii uamuzi haujatufikia, na tumesikia maombi mengine mawili yako njiani. Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe mchango wa shilingi 15,000 kwa kila nyumba, ili tumlipe mpangamiji aliyesajiliwa atuchoree, barabara kwa barabara, wapi biashara inaweza kukaa na ya aina gani. Vilevile kila mwenye fremu ampe katibu nakala ya hati yake kabla ya mwisho wa mwezi. Yangu anayo tayari.