Kiwanja cha Mwanga hakiuzwi: barua kwa mwanangu

Kibirizi, Kigoma
Septemba 2025

Mwanangu Zainabu,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima. Bibi yako kikohozi cha usiku bado kinamsumbua, ila anakula vizuri na kugomba anagomba kama kawaida.

Simu yako ya juzi ilikatika kabla sijakujibu, na nilishukuru, maana ningekujibu kwa hasira. Nimekaa na ombi lako siku tatu. Sasa hivi ni mbalamwezi, mitumbwi imelala ufukweni na vichanja vyangu vya kuanikia dagaa viko vitupu, ndiyo maana nimepata wasaa wa kushika kalamu.

Umeniomba niuze kiwanja chetu cha Mwanga, hapa Kigoma, ili tulipe amana ya chuo cha Uingereza kabla siku 14 hazijaisha. Jibu langu ni hapana. Nimeliweka mwanzoni usije ukaisoma barua nzima ukiitafuta ndiyo. Lakini usidhani nimekataa bila kupima. Jumamosi nilikwenda kwa dalali, tukaenda naye mpaka pale kwenye mwembe. Akakipima kwa hatua za miguu, akakuna kichwa, akasema milioni 18, labda 20 akipatikana mtu mwenye haraka ya kujenga. Nikashika pale kwenye jiwe la mpaka alilolichimbia marehemu baba yako, nikamwambia dalali nitampigia.

Jioni nikamwita mwalimu wako wa Baiolojia anisomee ile barua ya chuo uliyonitumia kwenye simu. Nikafungua daftari langu la mauzo ukurasa wa nyuma, yeye akisoma mimi naandika. Unanijua, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ada ni paundi 16,500 kwa mwaka. Mwalimu akabonyeza kikokotoo, ikaja zaidi ya milioni 50. Nikamwambia arudie, akarudia, ikaja ileile. Na shahada ni ya miaka mitatu. Hapo bado hujala wala hujalala mahali. Halafu kuna tozo ya matibabu ambayo serikali ya kule inamdai mwanafunzi wa nje anapoomba viza, paundi 776 kwa kila mwaka wa masomo, na inalipwa yote mapema kabla hujapanda ndege. Halafu wanataka waone benki salio la ada ya mwaka wa kwanza pamoja na matumizi ya miezi 9, na fedha hizo ziwe zimekaa siku 28 mfululizo bila kupungua. Zainabu, mimi tangu nianze biashara sijawahi kuwa na fedha iliyokaa siku 28. Ikikaa siku nne nashangaa nani nimesahau kumlipa.

Kwa hiyo kiwanja chote, pamoja na mwembe wake, hakifiki nusu ya ada ya mwaka mmoja. Kingetosha amana. Tungelipa amana, kiwanja kimekwenda, na viza tungenyimwa kwa sababu ya salio. Hilo kwenye barua limeandikwa, ila liko ukurasa wa tatu kwa herufi ndogo. Ukurasa wa kwanza wamekuandikia hongera.

Sasa kuhusu huyo kijana anayekusaidia huko Dar. Simwiti tapeli, simjui. Lakini mwulize analipwa na nani. Mawakala wengi hulipwa na chuo kamisheni kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Si dhambi, hata dalali wangu anakula kwa muuzaji. Ila ukishajua mtu anakula wapi, unajua pia kwa nini anakuhimiza kwenda chuo hiki na si kile, na kwa nini siku ni 14 tu.

Na unakumbuka yaliyomkuta mtoto wa mjomba wako. Ulikuwa darasa la sita, tulikuficha mengi. Alipewa barua ya kupokelewa yenye muhuri mwekundu mzuri kuliko muhuri wa ofisi yoyote niliyowahi kuingia. Mjomba akatoa milioni 1 na laki 8 kwa mafungu matatu, kila fungu lina jina lake: usajili, bima, kuharakisha viza. Ile barua ninayo mimi, kwenye bati la biskuti pamoja na vyeti. Jana niliitoa nikavaa miwani. Jina la chuo limeandikwa juu kwa namna moja na chini kwa namna nyingine, na anwani ya barua pepe ni ya bure, ya mtu yeyote, si ya chuo. Yote yalikuwa wazi siku ileile. Hakuna aliyesoma, tulikuwa tunautazama muhuri.

Mnunuzi mjuzi akija hapa mwaloni hatazami dagaa wa juu. Anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa wa chini ya gunia, anawapangusa kiganjani aone kama wameanikwa kwenye kichanja au kwenye mchanga. Ndivyo nataka ufanye na vyuo. Usimwulize wakala wala jirani, na video usiziamini upesi. Ingia kwenye tovuti ya chuo chenyewe, tafuta ukurasa wa ada za wanafunzi wa kimataifa, kisha tazama umeandikwa mwaka gani. Uliniambia Norway wanasoma bure. Mwalimu ameangalia: ilikuwa kweli, lakini tangu mwaka 2023 wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa ada. Ile video yako ni ya zamani, na aliyeirekodi hana habari kwamba bado tunamsikiliza huku Kigoma.

Ujerumani vyuo vingi vya serikali bado havitozi ada ya masomo, ukiacha jimbo la Baden-Württemberg ambako mtu wa nje ya Ulaya analipa euro 1,500 kwa muhula. Hapo nilisimama nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Kisha mwalimu akaendelea kusoma. Unatakiwa uweke euro 11,904 kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, wakufungulie kidogo kidogo kila mwezi ujikimu, na hiyo ni ya mwaka mmoja. Tena shahada ya kwanza kule wanafundisha zaidi kwa Kijerumani, na wengi wenye vyeti vya nje hupitishwa kwanza mwaka mzima wa maandalizi wanaouita Studienkolleg. Ada hakuna, lakini gharama ipo palepale.

Mlango niliouona unafanana na sisi ni ule wa ufadhili wa serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları. Maombi hufunguliwa kwa kawaida tarehe 10 Januari na kufungwa 20 Februari, na kuomba ni bure, hakuna hata senti. Ukipata, wanalipa ada, wanakupa bweni, posho ya kila mwezi, bima ya afya, tiketi ya kwenda na kurudi, na mwaka wa kwanza wa kujifunza lugha yao. Kwa shahada ya kwanza wanataka uwe hujafika miaka 21, nawe unayo 19. Ushindani ni mkubwa, wanaomba watu wa dunia nzima. Omba. China nao wana ufadhili kupitia ubalozi wao, na Wizara yetu ya Elimu huwa inatoa matangazo ya nchi rafiki kwenye tovuti yake. Uyaangalie mwenyewe kila wiki, usisubiri mtu akutumie kwenye kundi tarehe ikiwa imepita.

Mwalimu kanifungua jambo jingine ambalo hukuniambia, au hukulijua. Ufadhili wa kulipiwa kila kitu uko zaidi kwenye shahada ya pili kuliko ya kwanza. Hao DAAD, shirika la ufadhili la Ujerumani unalolitaja kila siku, fedha yao kubwa ni kwa waliokwisha kuhitimu. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, ni ya shahada ya uzamili tu, na wanataka uwe umefanya kazi miaka miwili. Wewe umepata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma sayansi za majini na uvuvi, umenitajia kwa nusu sentensi kama mtu anayetaja malaria. Zainabu! Mimi nilipolisikia niliacha ndoo ikafurika. Ithibitishe hiyo nafasi. Maombi ya Bodi ya Mikopo uliyojaza usiyaache nusu. Wao kwa kawaida wanakopesha wanaosoma hapa nchini, sasa huko ng'ambo nani angekukopesha? Januari ikifika, uko chuoni Dar, unaomba Uturuki bila kulipa mtu. Wakikuchukua utakwenda. Wasipokuchukua utakuwa umeingia muhula wa pili, hujapoteza mwaka ukiwa kwa shangazi unahesabu feni inavyozunguka.

Ulinitajia yule mama wa Gombe, Jane Goodall, kwamba alitoka kwao akathubutu. Mfano wako nimeupenda, ila umeushika kinyume. Alikuja huku kwetu mwaka 1960 bila shahada yoyote, akakaa msituni akitazama sokwe, na yale aliyoyaona ndiyo yaliyomfanya Cambridge wampokee kusomea shahada ya uzamivu bila kupitia shahada ya kwanza. Kilichomfungulia mlango wa chuo kilikuwa huku, saa chache za boti kutoka hapa Kibirizi.

Nalisema hilo kwa sababu ya insha yako ya maombi ya chuo. Mwalimu alinisomea na kunitafsiria. Umeandika kwamba tangu utotoni una ndoto ya kuibadilisha dunia. Mimi ndiye niliyekulea, tangu utotoni ulikuwa na ndoto ya baiskeli. Mtu wa Uingereza au Uturuki akisoma maneno hayo atakuwa ameshayasoma mara mia asubuhi hiyohiyo. Mfumo wa maombi wa Uingereza unakupa herufi 4,000 tu pamoja na nafasi, kwa kozi zisizozidi tano, na sasa wameigawa insha katika maswali matatu: kwa nini kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini. Hilo la tatu umelijibu kwa mistari miwili, ya skauti. Nje ya darasa umefanya skauti?

Mwaka 2024 walipolifunga ziwa, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ulikuwa nyumbani likizo unasubiri kuingia kidato cha sita. Wewe ndiye uliyenisomea tangazo, kwamba nchi zote nne zinazolizunguka ziwa zimekubaliana samaki wapumzike wazaliane. Wewe ndiye uliyekaa na akina mama wa vichanja ukiandika nani anamdai nani, sado ngapi zimebaki stoo, na bei ilipanda lini. Ziwa lilipofunguliwa ulikuwa umeshakwenda shule, lakini ulinipigia kwa simu ya matroni ukaniuliza dagaa wa kwanza wana ukubwa gani. Niliwapima kwa kidole nikakwambia. Lile daftari liko hapa, lina doa la mawese kwenye jalada. Andika hilo. Andika ulichokiona, ulichohesabu, na swali lililokubakia. Dunia iache kwanza.

Barua za walimu ziombe sasa, usingoje Januari. Siku hizi mfumo unamtumia mwalimu kiungo kwenye barua pepe yake, na akichelewa kukifungua imekula kwako. Mkumbushe kwa adabu na umtumie bando, maana anatumia simu yake na fedha yake.

Lingine ni aibu yangu mwenyewe. Cheti chako cha kuzaliwa kinasema Zainabu, na u mwishoni, maana mimi ndiye niliyekwenda kuandikisha na hivyo ndivyo tunavyokuita. Cheti cha kidato cha nne kinasema Zainab. Herufi moja, lakini kwenye pasipoti na kwenye maombi itakusumbua. Nimeulizia kwa mwanasheria pale mjini, tutaapa kiapo cha majina kabla hujaanza pasipoti. Pia wataulizia cheti cha kuzaliwa cha mzazi, na sisi watu wa Kigoma unajua tunavyoulizwa babu alizaliwa ng'ambo ipi ya ziwa. Nimeshakitoa changu kwenye bati.

Na siku ukipata chuo cha nje, chochote kile, kabla hujasema ndiyo waulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kama wanakitambua. Usome miaka minne kisha urudi na karatasi isiyokubalika hapa, hilo sitalivumilia.

Ukasirike kidogo, nimekuruhusu. Najua ulishawaambia wenzako. Baba yako alikinunua kile kiwanja kwa mafungu 11, stakabadhi zote ninazo, na fungu la mwisho alilipa wewe ukiwa mgongoni kwangu. Hakuwahi kusema ni cha nani. Lakini ukipata ufadhili ukapungukiwa nauli ya kwenda kwenye mahojiano, au ada ya mtihani wa Kiingereza, au pasipoti, hizo ziko kwenye uwezo wa dagaa na utanipigia bila kuona haya.

Kesho alfajiri nampa kondakta wa basi kifurushi. Kuna sado mbili za dagaa wa kichanja, lita tatu za mawese, na daftari la ziwa. Kopi za vyeti ziko kwenye bahasha ya kaki, nimeizungushia nailoni mara mbili zisije zikafika ofisini kwa watu zinanuka dagaa. Dagaa sado moja ni ya shangazi yako. Mpe kabla hajauliza.

Mama yako